SAFARI YA NDEGE: LUBUMBASHI – KINSHASA



Toka Lubumbashi mpaka Kinshasa ndege inapita njia ya karibu kilometa 1.560. Ndege kubwa inatumia karibu masaa 2 na nusu. Lakini saa ya Kinshasa iko nyuma ya saa yetu kwa saa 1. Ukiondoka hapa saa 4 ya asubuhi, utafika saa 5 na nusu ya kule. Usizani safari ilikuwa ya saa 1 na nusu: mwili unahesabu masaa yote.

Basi, shikeni haya:

1. Mwenye ugonjwa wa sukari ahesabu masaa toka chakula na sindano ya mwisho. Asifuate saa ya ukutani ya kule.

2. Dawa ziende katika mfuko wa mkononi. Valizi inaweza kuchelewa, na baridi ya chini ya ndege inaweza kuharibu insulini.

3. Lubumbashi iko juu, karibu meta 1.200, Kinshasa iko chini, karibu meta 300. Ndege ikianza kushuka, masikio yanakazwa. Meza mate, tafuna kitu. Mtoto mchanga apewe ziwa: analia sababu masikio yanamuuma.

4. Ndani ya ndege hewa inapungua nguvu. Mwenye ugonjwa wa damu SS aone munganga mbele ya kununua tikiti, na safarini anywe maji mara kwa mara.

Mwenye kumeza dawa kila siku apite kwanza kwa dispansere. Tutapanga naye masaa ya dawa.