Fedha za Serikali kwa Wakulima: Ni Nani Aliyepata?

Serikali ikimpa mkulima fedha za kumsaidia katika kilimo chake, fedha hizo huitwa ruzuku. Nazo zatoka katika kodi ya watu wote. Je, mlipa kodi ana haki ya kujua ni nani aliyezipokea?

Swali hili lilifika mahakamani huko Ulaya, ambako mpango wa pamoja wa kilimo ulianza mwaka 1962. Sheria iliamuru majina yote ya waliolipwa yatangazwe, pamoja na kiasi cha kila mmoja. Wakulima wa Ujerumani wakashtaki, wakisema kuwa mapato ya mtu ni siri yake. Tarehe 9 Novemba 2010 Mahakama ya Ulaya, iliyoko Luxembourg, iliamua kwamba raia wana haki ya kujua matumizi ya kodi. Lakini kutangaza jina la kila mtu, bila kumtofautisha aliyepata kidogo na aliyepata kingi, ni kupita kiasi.

Sheria ya mwaka 2013 ikashika njia ya kati: majina yatangazwe, ila waliopata euro 1,250 au pungufu kwa mwaka wasitajwe.

Hapa pana fundisho. Orodha ikiwa wazi, jina la mtu asiyelima hutambuliwa upesi, maana majirani ndio wajuao shamba ni la nani. Hata hivyo, si haki kumwanika maskini kwa msaada mdogo. Basi orodha isomwapo barazani, isikilizeni kwa makini, mkaulize kwa adabu.