Mafuriko yanapomhamisha mtu, anahama na nini?

Kila masika yanapokaribia tunasikia kauli ileile: wakazi wa mabondeni wahame. Sina ugomvi na kauli hiyo, kwani bonde la Msimbazi limeua. Mvua za Desemba 2011, zilizonyesha siku chache tu baada ya taifa kusherehekea miaka 50 ya uhuru, zilichukua roho za watu zaidi ya 40 katika jiji la Dar es Salaam. Ninalouliza ni jingine. Mtu anapoambiwa ahame, anahama na nini?

Ndugu msomaji, jambo hili si geni kwetu. Wenye asili ya Rufiji, na Temeke na Mbagala tumejaa, tumesikia simulizi za wazee kuhusu mafuriko ya 1968. Baada ya maji yale Serikali iliwatoa watu bondeni ikawapandisha kwenye vijiji vipya juu ya miinuko, katika zoezi lililojulikana kama Operesheni Rufiji. Kwa upande wa usalama lilikuwa jambo la maana. Lakini riziki ya Mrufiji ilikuwa kule chini. Mto ukijaa huleta udongo wenye rutuba, na maji yakipungua watu hupanda kwenye unyevu uliobaki, kilimo ambacho wenyewe hukiita mlau. Huko juu mkulima hutegemea mvua tu, ije au isije. Basi watu wakawa na nyumba juu, wakaendelea kulima chini, wakikaa msimu mzima kwenye madungu, yaani vile vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo. Nyumba ilihamishwa, shamba halikuhama.

Sasa tutazame Jangwani. Baada ya mafuriko ya 2011 waathirika walipewa viwanja Mabwepande, kaskazini kabisa mwa jiji. Aliyekuwa akikaa Jangwani alikuwa akienda Kariakoo kwa miguu. Alfajiri yuko sokoni, kashusha mzigo, kauza maandazi, jioni karudi na chochote alichojaaliwa. Mpeleke Mabwepande, nauli ya kwenda na kurudi inakula mtaji wenyewe. Ndiyo maana wapo waliorudi kulekule bondeni, na sisi tunaolala pakavu tukawaita wakaidi!

Wataalamu wanatueleza kuwa hewa ikipata joto hubeba mvuke mwingi zaidi, na mvua ikishuka hushuka kwa kishindo. Hilo ni kweli, ila lisiwe kichaka cha kujifichia. Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, na njia nzima umejengewa, umejazwa mchanga na takataka zetu wenyewe.

Upande wa sheria nao una mapengo. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 unamlinda anayekimbia kuteswa kwa sababu ya rangi, dini, utaifa, kundi lake katika jamii au siasa. Mafuriko hayamo. Umoja wa Afrika, katika Mkataba wa Kampala wa 2009, uliwataja waziwazi waliohamishwa ndani ya nchi zao na majanga ya asili, mabadiliko ya tabianchi yakiwamo. Hapa nyumbani, Sheria ya Ardhi ya 1999 na kanuni zake za 2001 zinataja fidia ya ardhi, posho ya usumbufu, ya usafiri na ya makazi. Lakini hesabu hiyo huanza na mwenye ardhi. Je, mpangaji wa chumba kimoja? Mama lishe ambaye wateja wake wote ni wa mtaa ule? Huyo huondoka na godoro lake.

Nalisema hili kwa sababu Mradi wa Bonde la Msimbazi, ulioidhinishiwa mkopo wa dola milioni 200 na Benki ya Dunia mwaka 2022, nao umehitaji watu kuondoka ili mto upate nafasi na sehemu ya bonde iwe bustani ya jiji. Kamati zetu za misikiti, ambazo maji yakiingia huwa hazisubiri kuombwa kupika na kugawa nguo, nazishauri zifungue daftari kabla ya mvua nyingine: nani anakaa wapi, amepanga kwa nani, anafanya kazi gani, watoto wanasoma shule ipi. Siku ya tathmini mwenye nyumba atakuja na karatasi zake. Mpangaji naye awe na ukurasa wa kuonyesha kwamba aliishi pale.