Maji Kabla ya Ufagio: Mwongozo wa Mafundi Ujenzi wa Lweba

Huku Fizi, mashariki mwa Kongo kando ya Ziwa Tanganyika, kiangazi ndiyo majira ya kujenga. Kuanzia mwezi wa sita mvua inakatika, matofali yanakauka upesi, matanuru yanawashwa, na kila mwenye nyumba kuukuu anataka kuezua nyasi aweke manjanja (mabati) kabla mvua haijarudi. Ni majira ya vumbi pia. Mwongozo huu ni wa wanaolimeza vumbi hilo: masoni, maseremala wa paa, wachimba misingi, vijana wabeba udongo, na kapita anayewasimamia.

Kwanza tuondoe hofu isiyo na kazi. Huenda umesikia habari za Marekani, ambako mafundi huugua mapafu kwa sababu ya kuvu iliyomo ardhini. Habari hizo ni za kweli. Kati ya 2011 na 2014, katika jimbo la California, wafanyakazi 44 waliokuwa wakijenga mitambo miwili ya umeme wa jua waliugua ugonjwa uitwao homa ya bonde, na mwaka 2019 jimbo hilo likatunga sheria ya kuwataka waajiri wa ujenzi wawafundishe watu wao kujikinga. Lakini kuvu ile, Coccidioides, makao yake ni nchi kavu za bara la Amerika. Fundi wa Lweba hana sababu ya kuiogopa.

Ya kwetu ni nyingine, nayo inaitwa Histoplasma. Inastawi kwenye udongo uliochanganyika na mavi ya popo au ya ndege, kuku wakiwemo. Wakati wa unyevu inakua kimya kimya; udongo ukikauka na kutibuliwa kwa ufagio, jembe au nyundo, mbegu zake ambazo jicho haliwezi kuziona hupanda hewani na kuingia mapafuni. Haikuletwa juzi. Mwaka 1960 watafiti walitangaza kwamba wameikuta katika mapango ya Amboni, karibu na Tanga nchini Tanzania, yanayojulikana kwa popo wake. Huko Moshi, nchi hiyo hiyo, utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulikuta dalili za ugonjwa huu kwa wagonjwa 9 kati ya 970 waliolazwa hospitalini kwa homa. Na Kongo ina aina yake, duboisii, iliyopewa jina mwaka 1952 kwa heshima ya daktari Mbelgiji Albert Dubois. Hiyo mara nyingi haionekani kifuani. Hutoa vinundu na vidonda kwenye ngozi, huvimbisha tezi, na hufika hadi kwenye mifupa.

Kwa kuwa kuvu hii inafuata mavi, si kila vumbi lina hatari moja. Udongo wa shimo la matofali uliochimbwa mahali wazi, pasipo ndege wala mifugo, hauko sawa na dari ya kanisa ambamo popo wamelala miaka kumi. Fundi anayejua kutofautisha hivyo viwili amekwisha kupunguza nusu ya kazi.

Hatua ya kwanza: kagua kabla ya kupatana bei

Usikubali kazi ya kubomoa au kuezua kwa kuitazama nyumba kutoka barabarani. Ingia. Inua macho uangalie pembe za dari, juu ya mihimili, mahali ukuta unapokutana na paa. Popo hujulikana kwa harufu kali, kwa michirizi ya kahawia ukutani chini ya tundu wanalopitia, na kwa mavi madogo meusi yanayovunjika kuwa unga ukiyabonyeza kwa kijiti. Usiyabonyeze kwa vidole. Uliza majirani kama jioni wanaona popo wakitoka. Halafu uliza banda la kuku lilikuwa wapi, hata kama lilibomolewa zamani, kwa sababu kuvu hudumu ardhini miaka mingi baada ya kuku wenyewe kuliwa.

Nyumba zilizoachwa zinataka jicho kali zaidi. Fizi ni nchi ya watu waliokimbia na kurudi. Tangu 2005, wakimbizi walipoanza kurejea kutoka Tanzania kupitia bandari ya Baraka, familia nyingi zimekuta kuta zimesimama, lakini wenye nyumba wapya ni popo na ndege. Vyumba vya shule na makanisa yenye dari navyo viko katika kundi hilo hilo.

Kwa nini haya yafanyike kabla ya bei? Kwa sababu kibarua hulipwa kwa siku au kwa kazi nzima, na kulowesha mavi ya popo kunakula nusu siku ambayo hakuna tofali linalopanda. Kama nusu siku hiyo haimo kwenye mapatano, kijana atachukua ufagio na kufagia pakavu ili amalize mapema. Siwezi kumlaumu. Wa kulaumiwa ni aliyepanga bei bila kuhesabu maji.

Hatua ya pili: chagua nani aingie

Kazi ya kuondoa mavi si ya kila mtu. Wenye virusi vya Ukimwi, wenye pumu au kifua kibovu, wanaotumia dawa zinazopunguza nguvu za mwili za kupambana na maradhi, na wajawazito wasiiguse. Kwa mtu mwenye afya, mara nyingi ugonjwa huu hupita wenyewe kama mafua mazito. Kwa mwili uliodhoofika unaweza kusambaa hadi kwenye ini, wengu na uboho, na kuua.

Hapa kapita atumie busara. Hakuna haki ya kumuuliza mtu hadharani hali yake ya afya. Tangaza kwa wote kwamba anayejijua ana sababu ya kutoingia asiingie, atapewa kazi ya kukoroga udongo nje, na ujira wake hautapungua. Bila hayo ya mwisho, hakuna atakayejitokeza.

Watoto wakae mbali. Wenye nyumba watoe vyakula, mitungi ya maji na matandiko, na kuku wafungiwe pengine mpaka kazi iishe.

Hatua ya tatu: lowesha, subiri, lowesha tena

Hii ndiyo hatua yenyewe. Ukiwa na nafasi ya kushika moja tu katika mwongozo huu, shika hii.

Chukua kopo la kumwagilia mboga, au toboa matundu madogo chini ya kopo la kawaida. Tia sabuni kidogo ya unga kwenye maji, kwa kuwa mavi makavu hukataa maji. Bila sabuni maji yatateleza juu huku chini pakibaki unga. Nyunyiza taratibu kuanzia mlangoni ukielekea ndani, usije ukakanyaga pakavu. Usimwage ndoo kwa nguvu: maji yakipiga unga huo yanaurusha hewani, na hapo umefanya kazi ya ufagio. Subiri yanywee, chakula cha mchana kipite, kisha nyunyiza tena. Mavi yakiwa tayari hushikana kama tope, na ukiyachota hayatoi vumbi lolote. Yakitoa, bado.

Wakati wa kuchota, tumia chepeo, si ufagio. Kila tabaka linalofunuliwa lilowe kabla ya kuguswa, maana juu panaweza kuwa tope na chini pakavu kabisa.

Lweba ina ziwa, kwa hiyo hakuna kisingizio cha ukame. Maji ya Tanganyika yanafaa kabisa kwa kunyunyizia. Lakini yasitumike kunywa wala kusukutua kinywa bila kuchemshwa au kutiwa dawa, kwa sababu kipindupindu si mgeni katika pwani hii.

Shimo la matofali na msingi navyo vinafuata kanuni ile ile, kwa wepesi zaidi. Mahali palipokuwa na banda la kuku, au chini ya mti wanaolala ndege kwa wingi, mwagilia jioni, chimba asubuhi kabla upepo wa ziwa haujaamka. Ukiweza kuhamisha shimo la udongo, lihamishe.

Hatua ya nne: pua, mikono na miguu

Barakoa inayozuia mbegu hizi ni ile nzito yenye alama ya N95 au FFP2, inayobana pua na kidevu bila kuacha upenyo. Ndevu nene huivunja nguvu. Kitambaa, kanga au barakoa nyepesi ya hospitali hupunguza vumbi kubwa lakini haizuii mbegu ndogo. Mtu akijifunga kitambaa halafu akafagia pakavu, amejidanganya. Kama barakoa nzito haikupatikana, tegemea maji zaidi, fungua madirisha, ondoa manjanja au nyasi za pembeni ili hewa ipite, na mpeane zamu fupi ndani ya chumba. Simameni upande upepo unakotoka.

Glavu na viatu si vya vumbi peke yake. Kuna kuvu za udongoni na za miti zinazoingia mwilini kwa mwiba, kibanzi au mkwaruzo. Katika migodi ya dhahabu ya Witwatersrand, Afrika Kusini, kati ya 1941 na 1944, karibu wachimbaji 3,000 walipata vidonda vya namna hiyo kutokana na mbao zilizoota kuvu chini ya ardhi, na mambo yalitulia mbao zilipotiwa dawa. Mycetoma, ugonjwa unaovimbisha mguu na kuula polepole, uliingizwa na Shirika la Afya Duniani katika orodha ya magonjwa yaliyosahaulika mwaka 2016. Wengi wanaoupata walikuwa wakitembea peku. Basi anayebeba miti ya zamani avae glavu, anayekanyaga udongo avae buti, na mkwaruzo uoshwe kwa sabuni papo hapo, si jioni.

Popo mwenyewe asishikwe kwa mkono mtupu, akiwa hai au amekufa. Hapa Kongo tuna ushahidi mchungu: kule Durba, kaskazini-mashariki, kati ya 1998 na 2000 homa ya Marburg ilizuka miongoni mwa wachimba dhahabu waliokuwa wakiingia mgodini kwenye popo, na watu 128 wakafa. Popo wa darini kwa kawaida si wale wa mapangoni, lakini hiyo si sababu ya kuwazoea. Wala usiwaue, wanakula wadudu. Ngoja jioni watoke, hakikisha hakuna vitoto vilivyobaki, kisha ziba matundu.

Hatua ya tano: pa kutupa

Tope la mavi litiwe kwenye mfuko wa plastiki lingali limelowa, mfuko ufungwe, utiwe ndani ya gunia. Chimba shimo mbali na kisima na mkondo wa maji, zika, funika kwa udongo. Usichome moto, usiache lundo uani likauke. Atakuja jirani kuomba mbolea ya bustani, mnyime. Akilianika na kulisambaza, kazi yenu yote imehamia kwake.

Nguo za kazi zivuliwe pale pale, zilowekwe kabla ya kupelekwa nyumbani. Anayezifua kwa kawaida ni mama wa nyumba au binti yake, na kuzikung'uta zikiwa kavu ni kuwapa wao vumbi ulilolikwepa wewe. Oga, osha nywele, ndipo ule.

Hatua ya sita: daftari la kapita

Andika tarehe, nyumba, na majina ya walioingia. Dakika mbili tu. Faida yake itaonekana baadaye, maana homa hii huanza kati ya siku 3 na 17 baada ya kuvuta vumbi, na kufikia hapo mafundi wametawanyika, mmoja Baraka, mwingine Mboko, kila mmoja akitibiwa malaria kwake. Mwaka 2011, wanafunzi wa baiolojia waliotembelea msitu nchini Uganda waliingia ndani ya mti wenye uwazi uliojaa popo. 13 kati ya 24 wakaugua baada ya kurudi kwao. Waligundulika kwa sababu walikuwa kundi moja linalojuana. Daftari linawapa mafundi wa Lweba nafasi hiyo hiyo.

Hatua ya saba: cha kumwambia muuguzi

Dalili ni homa, kikohozi kikavu, kichwa kuuma, baridi, kifua kubana na uchovu usioisha. Hakuna hata moja ambayo malaria, nimonia au kifua kikuu havina. Kwa hiyo dalili pekee hazitakusaidia. Kitakachosaidia ni maelezo. Ukifika kituo cha afya sema wazi: «Nilifanya kazi kwenye mavi ya popo, tarehe fulani, na wenzangu wawili nao wanaumwa.» Kama una vinundu au vidonda vya ngozi visivyopona, vioneshe hata kama umekuja kwa kikohozi.

Kubali kupimwa malaria, kifua kikuu na virusi vya Ukimwi kwanza. Hayo ni ya kawaida zaidi na yana tiba. Vipimo vikionesha hakuna kifua kikuu na kikohozi kimevuka wiki mbili, au umemeza dawa za kifua kikuu bila nafuu, uliza kuhusu kuvu na uombe kupelekwa hospitali kubwa. Dawa za kuua bakteria unazonunua dukani haziui kuvu. Zinazotibu ni itrakonazoli kwa vidonge, na amfoterisini B kwa sindano kwa aliyezidiwa, na zote zinataka daktari. Mgonjwa hamwambukizi mtu kwa kukohoa, kwa hiyo asitengwe na familia yake.

Wakuu wa shule na wachungaji, ninyi ndio wenye mapaa makubwa na popo wengi. Mnapoandika mapatano na masoni kiangazi hiki, andikeni ndani yake maji, barakoa na nusu siku ya kulowesha, na mlipe vyote.