Kebo Ina Miisho Miwili: Somo kwa Kamati za Miradi



Katika toleo hili tunajifunza jambo dogo linaloweza kusimamisha mradi mzima wa maji. Siku hizi pampu, vipima kina cha tangi na mashine za kutia dawa huunganishwa kwa kebo moja ili vipeane taarifa. Mtandao wa namna hii mafundi huuita fildibasi. Mmojawapo unaotumika sana ni Modbus, uliotolewa mwaka 1979.

Kwa nini miisho?

Ishara ya umeme husafiri hadi mwisho wa kebo. Isipokuta kitu cha kuipokea, hurudi kama mwangwi wa sauti iliyogonga mlima, ikachanganyika na ishara zinazofuata. Dawa yake ni rezista inayolingana na kebo, mara nyingi ya omu 120, moja kila mwisho. Ziwe mbili tu. Zikiwekwa kwenye kila kifaa, ishara hudhoofika.

Matawi yawe mafupi

Kebo kuu ipite kifaa hadi kifaa, kama uzi katika shanga. Tukitawanya kebo nyingi kutoka sanduku moja, kila tawi linakuwa na mwisho wake na mwangwi wake. Mwongozo wa Modbus unataka tawi lisizidi mita 20. Mitandao ya kasi ni mikali zaidi: PROFIBUS ya megabiti 12 kwa sekunde haitakiwi kuwa na tawi, na kipande kimoja cha kebo kisizidi mita 100.

Ubaya wa kosa hili ni kwamba hujificha. Kebo ikiwa fupi na kasi ikiwa ndogo, kazi inaendelea. Kebo ikirefushwa hadi tangi la pili, kipima kimoja huanza kupotea na kurudi. Hapo ndipo fedha za mradi huweza kununua kipima kipya, wakati cha zamani ni kizima.

Namna ya kupima

1. Zima umeme wa vifaa vyote.
2. Fundi apime ukinzani kati ya nyaya mbili za mawasiliano.
3. Kwa rezista mbili za omu 120, mita isome karibu 60. Ikisoma karibu 120, moja haipo au waya umekatika. Ikisoma karibu 40, kuna ya tatu. Tazameni pia ndani ya vifaa, maana vingine vina rezista yenye swichi ndogo.

Maswali ya kujadiliana

1. Je, tunao mchoro unaoonyesha miisho miwili ya kebo yetu?
2. Kifaa kikiongezwa, nani atahakikisha kwamba rezista imehamishiwa kwenye mwisho mpya?

Tunaziomba kamati zidai mchoro huo na kipimo kilichoandikwa kabla ya kumlipa mkandarasi. Kipimo hicho huchukua dakika chache, nacho hulinda sadaka za wengi.