Somo: Maji baridi kwa farasi aliyeumia muguu

Ninyi munaotunza farasi, musikilize vizuri somo hili. Miguu ya mbele ya farasi inachukua zaidi ya nusu ya uzito wa mwili wake. Tena chini ya goti hakuna nyama: kuna mifupa, kano na ngozi tu. Kano ni zile kamba ngumu zinazounga nyama na mifupa. Farasi akikimbizwa sana, ao akiteleza katika matope, nyuzi za ukano ulio nyuma ya muguu zinaweza kukatika.

Namna ya kutambua. Kila asubuhi, mbele ya kazi, mushike miguu yote miwili ya mbele kwa mikono. Kama muguu mumoja una moto kuliko mwenzake, kama umevimba, ao kama farasi anachechemea, mujue ameumia. Musimupande, wala musimupe muzigo.

Maji yanafanya nini? Pahali palipoumia damu inakuja nyingi, na maji yake yanatoka katika mishipa: ndio uvimbe. Baridi inabana mishipa midogo, uvimbe hauongezeki, na maumivu yanapungua. Basi muanze siku ile ile. Faida ni kubwa katika siku 2 ao 3 za kwanza.

Namna ya kufanya.
1. Mutu mumoja amushike farasi kwa kamba, asimame upande ule ule wa mwenzake anayemwaga maji.
2. Muanze kumwaga maji kwenye ukwato, kisha mupande polepole mpaka karibu na goti, farasi asishituke.
3. Muendelee dakika 20, mara 3 ao 4 kwa siku. Kama hamuna mupira wa maji, mumusimamishe mutoni, penye maji safi yanayopita.
4. Kama muna barafu, muifunge katika kitambaa, isiguse ngozi.
5. Mukimaliza, mukaushe muguu, zaidi nyuma, juu ya ukwato. Ngozi inayokaa na maji inapasuka na kufanya vidonda.

Kama kuna kidonda kirefu, ao kilicho karibu na kiungo, ao kama farasi hawezi kukanyaga chini, musingoje: mumwite upesi muganga wa wanyama.

Mujihadhari na kosa hili. Kiisha siku chache muguu unapoa, uvimbe unashuka, farasi hachechemei tena. Mwenyewe anafurahi, anasema: «Amepona», anamurudisha kazini. Ndipo ukano unakatika zaidi, na pengine farasi hafai tena kwa kazi mpaka kufa kwake. Mujue: maji yamezima moto tu, hayakushona ukano. Ukano ulioumia sana unapona polepole, kwa miezi 9 mpaka 12. Mumupumzishe farasi. Muganga akikubali, mumutembeze kwa kamba dakika chache kila siku, na kuongeza kidogo kidogo. Mutu asiye na haraka atamutumia farasi wake miaka mingi. Mwenye haraka atamupoteza kwa siku moja.

Maulizo.
1. Mukono wako unatambua nini katika muguu ulioumia?
2. Maji yamwagwe dakika ngapi, na mara ngapi kwa siku?
3. Uvimbe umekwisha. Sababu gani usimupande farasi bado?