Reli ya Kilosa na Mto Mkondoa

Somo letu la leo latoka Bara. Wajerumani walianza kuijenga Reli ya Kati mwaka 1905, na upande wa Kilosa wakaipitisha katika bonde la mto Mkondoa, kwa kuwa bondeni kazi ni nyepesi. Mto nao una njia yake. Mwisho wa mwaka 2009 na Januari 2010 mafuriko yaliizoa reli, safari zikasimama kwa miezi.

Reli mpya ya umeme, iliyoanza kuchukua abiria hadi Dodoma mwaka 2024, imetobolewa njia ndani ya milima ya Kilosa. Kazi hiyo haifanywi kwa kubahatisha: hupimwa mwamba, hupimwa na kimo cha maji mvua ikizidi.

Lakini mhandisi akishaondoka, nani atazibua mifereji chini ya tuta? Mikumi kuna chuo cha VETA kinachofunza vijana ufundi. Fundi wa jirani ndiye auonaye ufa mapema.

Na sisi je? Barabara za mashambani hukatika karafuu zikiwa zimo maguniani. Basi kabla ya masika kila tawi limtoe kijana mmoja akajifunze kupima mteremko wa mtaro.