Mwanafunzi wa Kutwa Nyasho: Usalama na Mahali pa Kupata Msaada

Mwanafunzi wa chuo asiyelala bwenini huishi chini ya mamlaka mbili. Tangu anapoingia getini hadi kipindi cha mwisho, yuko mikononi mwa walinzi, mshauri wa wanafunzi na uongozi wa chuo. Akitoka getini jioni, yuko mikononi mwa mtaa: mwenye nyumba, majirani, mwenyekiti wa mtaa, vijana wa bodaboda kijiweni na polisi wa kata. Taratibu za chuo hufundishwa wiki ya kwanza. Za mtaa hazifundishwi na yeyote, ilhali usiku mzima hupita huko.

Nyasho na vyuo vya jirani

Nyasho ni kata ya Manispaa ya Musoma, mji ulio makao makuu ya Mkoa wa Mara ukingoni mwa Ziwa Victoria. Ina soko, kituo cha afya na nyumba nyingi za kupanga. Mjini Musoma kuna Chuo cha Maendeleo ya Jamii Buhare, chuo cha VETA Mara, chuo cha matabibu na kituo cha mkoa cha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Wilayani Butiama kuna Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere.

Chuo Kikuu Huria ndicho mfano ulio wazi zaidi wa chuo cha watu wa kuja na kuondoka. Kilianzishwa kwa sheria mwaka 1992, kikapokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1994, na hufundisha kwa masafa. Mwanafunzi wake anaweza kuwa mwalimu wa Bunda au karani wa Tarime anayefika Musoma kwa mafunzo ya ana kwa ana na mitihani tu. Mtu wa namna hiyo ni mgeni wa siku chache, hana chumba wala jirani anayemfahamu, kwa hiyo maandalizi yake huanzia nyumbani: pa kulala pajulikane kabla ya safari, na ndugu mmoja awe na namba ya simu ya nyumba ya wageni.

Kabla ya kulipa ada popote, chuo kihakikiwe. Vyuo vya kati husajiliwa na NACTVET na vyuo vikuu na TCU, na taasisi zote mbili hutangaza orodha za vyuo vinavyotambuliwa. Ada hulipwa kwa namba ya malipo au akaunti ya chuo. Anayetaka ada itumwe kwenye simu yake binafsi ni wa kukwepwa, hata akijitambulisha kuwa mhasibu.

Kujitambulisha mtaani

Mpangaji mpya hufika ofisi ya serikali ya mtaa katika siku zake za mwanzo. Hapo kuna viongozi wawili wasiofanana kazi. Mwenyekiti wa mtaa huchaguliwa na wakazi kila baada ya miaka mitano, na uchaguzi wa karibuni ulifanyika tarehe 27 Novemba 2024. Mtendaji wa mtaa ni mwajiriwa, na ndiye anayeshughulikia barua na kumbukumbu za wakazi. Juu yake yupo mtendaji wa kata. Mwanafunzi huenda na kitambulisho cha chuo, namba ya NIDA kama anayo, na jina la mwenye nyumba.

Faida yake huonekana siku ya shida. Barua ya utambulisho huhitajika benki, kwenye dhamana na katika maombi mbalimbali, na mtendaji haandiki kirahisi barua ya mtu asiyemjua. Vijana wa ulinzi shirikishi wakimkuta mtu njiani usiku, swali lao la kwanza ni anakaa kwa nani. Mwenye jibu linalofahamika hupita, asiye nalo huenda akalala akihojiwa.

Jeshi la Polisi nalo limepeleka wakaguzi ngazi ya kata, maarufu kama polisi kata. Namba ya simu ya mkaguzi huyo hupatikana ofisi ya kata, na inafaa iwe kwenye simu ya kila mpangaji. Kwa ugomvi wa majirani, kelele au wizi mdogo, yeye na mwenyekiti hufikiwa haraka kuliko kituo kikubwa.

Chumba

Dalali huonyesha chumba mchana, jua likiwaka. Busara ni kurudi jioni kuona kama njia ina taa, kama choo na bafu viko ndani ya uzio, na kama baa ya jirani hufunga mapema. Dirisha liwe na nondo, mlango uwe na komeo la ndani, na kitasa kibadilishwe, kwa kuwa mpangaji aliyeondoka anaweza kuwa bado na ufunguo. Fedha ya kodi hutolewa kwa mwenye nyumba mwenyewe au mwakilishi anayethibitishwa na mtaa, kwa mkataba wa maandishi wenye sahihi za pande mbili na mashahidi. Kulipia miezi sita kwa maneno matupu ni mwanzo wa kesi isiyo na ushahidi.

Ndani ya chumba hatari kubwa ni moto na hewa ya mkaa. Jiko la mkaa haliingizwi chumbani kupasha joto wala kumalizia maharage usiku, kwani hewa ya sumu inayotoka humo haina harufu na huua watu wakiwa usingizini. Mtungi wa gesi ufungwe kila baada ya kupika. Jiko la umeme, pasi na hita visichomekwe pamoja kwenye kebo moja ya kugawia umeme.

Njiani

Musoma jua huzama takriban kati ya saa kumi na mbili na nusu jioni na saa moja usiku mwaka mzima, hivyo vipindi vya jioni humalizika gizani. Wanaoelekea upande mmoja hutoka pamoja, hupita barabara yenye maduka yaliyo wazi hata kama ni ndefu, na huacha vichochoro na viwanja vitupu. Simu hubaki mfukoni njiani, maana mporaji wa pikipiki huitafuta iliyo mkononi au sikioni.

Bodaboda achaguliwe kijiweni, si yule anayejileta gizani. Vijiwe vingi vina viongozi, na dereva anayejulikana kijiweni anaweza kupatikana kesho yake ukitokea mzozo. Nauli hukubaliwa kabla ya kupanda, kofia ngumu huvaliwa na abiria pia, na mshikaki, yaani abiria wawili au zaidi nyuma ya dereva, hukataliwa. Anayerudi usiku mara kwa mara hufanya vizuri kuzoeana na dereva mmoja au wawili waaminifu na kuwapigia simu.

Mabasi ya masafa hutumia stendi ya Bweri. Kwa wanaotoka Bunda au Butiama kila wiki, hatari kubwa kuliko mwizi ni barabara yenyewe. Tarehe 5 Septemba 2014 mabasi mawili, la J4 Express na la Mwanza Coach, yaligongana eneo la Sabasaba wilayani Butiama, na zaidi ya watu 30 wakafariki. Sheria huweka ukomo wa kilomita 80 kwa saa kwa mabasi na kilomita 50 kwa saa kwenye makazi. Abiria ana haki ya kumwambia dereva apunguze mwendo, na asiposikia, kutoa taarifa kwa trafiki au LATRA akitaja namba ya gari, mahali na saa. Magari madogo yaitwayo michomoko Kanda ya Ziwa hujaza watu kupita viti vyake, na kiti cha pamoja na dereva hakina mkanda wa pili. Kungoja Hiace inayofuata huwa na nafuu, hata kipindi cha kwanza kikipita.

Wanaovuka ziwa kutoka Rorya hutua upande wa Mwigobero wakitokea Kinesi. Jaketi la kujiokolea huvaliwa tangu chombo kinapong'oa nanga, na chombo kilichojaa huachwa kiende. Kuzama kwa MV Nyerere karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018 kuliua zaidi ya watu 200 nchi kavu ikionekana.

Kelele za mwizi

Mgeni anapoporwa, ulimi humtuma kupiga yowe la “mwizi”. Neno hilo lina uzito. Watu hukusanyika kwa dakika chache, na mtuhumiwa, awe ndiye au siye, anaweza kuuawa kabla polisi hawajafika. Kuua huko ni kosa la jinai kwa kila aliyeshiriki. Anayehitaji kuokolewa hupata watu vilevile kwa kuita msaada na kutaja mahali alipo. Mshukiwa akikamatwa, hupelekwa kwa mwenyekiti wa mtaa au polisi.

Mwanafunzi akikamatwa yeye mwenyewe, ana haki ya kuelezwa kosa lake na kuwajulisha ndugu au chuo. Dhamana ya polisi hailipiwi. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatambua mawakili na wasaidizi wa kisheria wanaohudumia wasio na uwezo bila malipo, na ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri huwafahamu waliosajiliwa katika eneo lake.

Simu na fedha

Wezi wa simu na matapeli hujua siku boom linapoingia, yaani fedha za kujikimu kutoka Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Siku hizo hazifai kutoa kiasi chote kwa mkupuo wala kutangaza kwenye kundi la WhatsApp. Namba ya siri haitajwi kwa yeyote, wakala wala anayejiita mhudumu wa mtandao. Ujumbe wa “ile hela tuma kwenye namba hii” haujibiwi. Namba ya tapeli hutumwa kwenda 15040, na kwa kupiga *106# mtu huona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake.

Namba ya utambulisho wa simu, inayoonekana kwa kupiga *#06#, iandikwe kwenye daftari siku simu inaponunuliwa. Simu ikiibwa, laini hufungwa kwanza kupitia huduma kwa wateja ili akaunti ya fedha isikombwe, kisha taarifa hutolewa polisi. Kwa kitambulisho, cheti au kadi ya benki iliyopotea, polisi hutoa taarifa ya upotevu, ambayo chuo na benki huidai kabla ya kutoa kingine.

Afya na ziwa

Kituo cha Afya Nyasho kiko karibu kwa homa, vidonda na vipimo vya kawaida. Hali nzito hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere iliyoko Kwangwa. Kadi ya bima hubebwa pamoja na kitambulisho cha chuo, maana aliyezimia hawezi kuitafuta chumbani.

Mara ni eneo la malaria, hivyo chandarua chenye dawa ni cha lazima na homa hupimwa kabla ya kununuliwa dawa. Maji ya ziwa huchemshwa au kutiwa dawa kabla ya kunywewa. Kuogelea au kufua kwenye maji ya ukingoni huambukiza kichocho, na palipo na matete pana viboko na mamba. Radi inapoanza, uwanja wa mpira, mti uliosimama peke yake na mtumbwi huachwa mara moja.

Aliyejeruhiwa kwa kipigo au ajali huhitaji fomu ya polisi namba 3, yaani PF3, ili matibabu yake yatumike kama ushahidi. Mtu aliye hatarini kufa hupelekwa hospitali kwanza, na mwenzake akafuata fomu.

Ukatili wa kijinsia na rushwa ya ngono

Aliyebakwa asioge wala kufua nguo alizovaa, bali azihifadhi kwenye mfuko wa karatasi na afike hospitali haraka. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hutolewa ndani ya saa 72, na hufanya kazi vizuri zaidi kadiri zinavyowahi. Vituo vikubwa vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, ambako maelezo huchukuliwa faraghani na askari waliofunzwa. Vyuo vya juu na vya kati navyo vimeagizwa na serikali kuwa na dawati la jinsia. Mwathirika anaweza kuanzia hapo, kwa mshauri wa wanafunzi, au kwa afisa ustawi wa jamii wa manispaa.

Mwalimu anayedai ngono ili atoe alama, au mwenye nyumba anayeidai badala ya kodi, si wa aina moja mbele ya sheria. Wa kwanza anatumia madaraka, na kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinamhusu moja kwa moja, kwa faini isiyozidi shilingi milioni tano au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote. Taarifa hupelekwa TAKUKURU kabla ya kumkabili mhusika, ujumbe wa simu ukiwa haujafutwa. Shauri la mwenye nyumba huanzia kwa mwenyekiti wa mtaa na Dawati la Jinsia.

Namba za kuhifadhi

Namba hizi hupigwa bila malipo:

112: polisi, kwa dharura.
114: Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.
115: usafiri wa dharura kwa mjamzito, mzazi na mtoto mchanga.
116: huduma ya simu kwa mtoto.
113: TAKUKURU.
199: ushauri wa afya, Wizara ya Afya.

Pamoja nazo ziwepo namba za mtendaji wa mtaa, polisi kata, mshauri wa wanafunzi, mwenye nyumba na bodaboda anayeaminika. Zote ziandikwe pia kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya mlango wa chumba, kwa ajili ya siku simu itakapokuwa imeibwa au imezimika. Anayepiga simu ya dharura hutaja kwanza mahali alipo, kwa alama inayofahamika kama soko, shule au msikiti, halafu tukio, halafu jina lake, na hakati simu hadi aambiwe.